Namna ya Kubishania Mabondia Bora wa Uzito wa Juu wa Wakati Wote

Ubishi wa ngumi za uzito wa juu katika vijiwe vya kahawa vya Arusha hauna msimu. Huanza pale mtu anapotaja jina la Mike Tyson, hupamba moto mzee mmoja anapomjibu kwa jina la Muhammad Ali, na mara nyingi huisha kahawa inapokwisha kwenye birika, kila mtu akiondoka na bingwa yuleyule aliyekuja naye. Maelekezo haya yanamlenga anayetaka kubisha kwa hoja: ajue pa kuanzia, aulize nini, ushahidi upi una uzito na upi ni kelele tu, na namna ya kumpinga mtu wa umri wa baba yake bila kumvunjia heshima.

Kubalianeni kwanza mnajibu swali gani

Ugomvi mwingi wa kijiweni hutokana na watu wawili wanaojibu maswali tofauti, huku kila mmoja akidhani mwenzake ni mbishi wa asili. Mmoja anauliza ni nani angeshinda kama mabondia wote wangepandishwa ulingoni siku moja, kila mtu akiwa katika ubora wake. Mwingine anauliza ni nani alifanya makubwa zaidi katika zama zake, kwa kutazama aliowapiga, muda alioshika ubingwa na namna alivyoupoteza. Yupo na wa tatu, ambaye hata hajui kwamba ana swali lake mwenyewe, anayempa bondia ukubwa kwa sababu ya jina, maneno na msimamo wake nje ya ulingo. Kabla hujatoa hoja yoyote omba mkubaliane mnajibu swali lipi, na kijiwe kikikataa, taja lako waziwazi ili atakayekupinga akupinge katika hilo.

Swali la kwanza ni tamu lakini halina pa kushikia. Mwaka 1974 Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu hapahapa mkoani kwetu, alikimbia mita 1,500 kule Christchurch kwa dakika 3 na sekunde 32.2, ikawa rekodi ya dunia. Muda huo unaweza kuuweka kando ya muda wa mkimbiaji yeyote wa leo, mkajadili viatu na uwanja, kisha mkapata jibu la kuridhisha. Mwaka huohuo Ali alimwangusha George Foreman kule Kinshasa, na hakuna saa wala mizani inayoweza kutuambia makonde yale yangemfanya nini Oleksandr Usyk, bondia wa zama hizi. Tena swali hilo huwapendelea wenye miili mikubwa. Rocky Marciano alikuwa na urefu wa mita 1.79 na uzito wa kilo 84 hivi katika miaka yake ya ubingwa. Leo angepangwa katika daraja lililo chini ya uzito wa juu, ambalo kikomo chake ni kilo 90.7. Tyson Fury ana mita 2.06 na amewahi kupanda ulingoni akiwa na zaidi ya kilo 120. Ukiwakutanisha hao wawili kichwani mwako, kinachoamua pambano ni kimo, na Marciano hakuwa na la kufanya kuhusu kimo cha watu watakaozaliwa zaidi ya miaka 30 baada ya kustaafu kwake.

Swali la tatu humhusu zaidi Ali, na hapa Tanzania lina historia yake. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967. Aprili ya mwaka huohuo Ali alikataa kuingia katika jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam, akanyang'anywa ubingwa, na hakupigana tena hadi Oktoba 1970. Wengi katika wazee wetu walimpenda kwa msimamo huo kabla hawajaona hata raundi moja ya ngumi zake, kwa kuwa televisheni haikuanza Tanzania Bara hadi miaka ya 1990. Hata hivyo upendo huo haukuwa wa upofu. Mwaka 1980 Rais Jimmy Carter wa Marekani alimtuma Ali kuja Afrika kuzishawishi serikali zisusie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye, na Tanzania ilikwenda Moscow, ambako Bayi na Suleiman Nyambui walipata medali za fedha. Ni simulizi nzuri na inastahili kusimuliwa kijiweni, ila haimwongezei Ali wala kumpunguzia pointi yoyote ulingoni. Mtu akikuletea habari za Vietnam katika mjadala wa nani alikuwa bondia bora, mkubalie, kisha mrudishe ulingoni, kwa Joe Frazier, mpinzani wake mkubwa.

Kwa hiyo linalobishanika kwa ushahidi ni swali la pili, na yote yanayofuata yanalihusu hilo.

Rekodi isomwe jina kwa jina

Namba ya kwanza utakayorushiwa ni 49 kwa sifuri. Marciano alistaafu Aprili 1956 akiwa ameshinda mapambano yake yote 49, kati ya hayo 43 kwa KO, yaani kabla ya kengele ya mwisho, na mashabiki wake hudhani kwamba baada ya kuitaja namba hiyo hakuna mjadala tena. Usiibeze, maana kupanda ulingoni mara 49 bila kuteleza hata usiku mmoja si jambo dogo. Omba tu ruhusa ya kuyasoma majina. Joe Louis aliyempiga Oktoba 1951 alikuwa na miaka 37, amerudi ulingoni kwa sababu ya deni la kodi. Jersey Joe Walcott, ambaye Marciano alimnyang'anya ubingwa Septemba 1952, alikuwa na miaka 38, na bado alimwangusha Marciano katika raundi ya kwanza na kuongoza kwa pointi hadi raundi ya 13, ndipo mkono wa kulia ulipomkuta kwenye taya. Archie Moore, mpinzani wa mwisho, naye alikuwa mtu mzima aliyepanda kutoka uzito wa chini. Ezzard Charles ndiye aliyekuwa na kitu bado, na katika mapambano yao mawili ya mwaka 1954 ndipo utakapouona ukubwa wa kweli wa Marciano. Baada ya kuyasoma majina hayo, 49 kwa sifuri inabaki kuwa rekodi ya heshima, lakini hoja ya kumweka Marciano juu ya kila mtu inakuwa imepungua nguvu.

Usomaji huo huo unapaswa kutumika kwa kila bondia, awe unampenda au humpendi. Kwa kila ushindi mkubwa uliza mpinzani alikuwa katika hali gani siku ile, wala usitosheke na jina lake. Uliza alikuwa na umri gani na alikuwa ametoka kufanya nini. Uliza ni nani aliyestahili pambano akakwepwa. Halafu uliza jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko yote: bondia huyu alipopigwa, alifanya nini baada ya hapo?

Tumpime Ali kwa njia hiyo. Sonny Liston, aliyepigwa na Ali Februari 1964, alikuwa amemmaliza Floyd Patterson mara mbili mfululizo katika raundi ya kwanza. Frazier alimpiga Ali kwa pointi mwaka 1971, akimwangusha katika raundi ya 15. Ali akamrudia mwaka 1974 na tena Manila mwaka 1975, ambako kona ya Frazier, yaani wasaidizi wake, ilikataa kumruhusu atoke kwa raundi ya mwisho. Foreman, alipofika Kinshasa Oktoba 1974, alikuwa na miaka 25, ushindi 40 bila kupoteza, 37 kwa KO, na alikuwa amemwangusha Frazier mara sita katika raundi mbili kule Kingston, kisha akammaliza Ken Norton katika raundi mbili kule Caracas. Yaani watu wawili waliokuwa wamempiga Ali walikuwa wamefagiliwa na mtu ambaye Ali, akiwa na miaka 32, alikuwa anakwenda kukutana naye. Siujui ushindi mwingine katika uzito wa juu unaosimama hivyo ukiulizwa maswali yote manne.

Kama una muda wa kutazama raundi moja tu ya Ali, tazama ya nane ya Kinshasa bila kusikiliza mtangazaji. Foreman ngumi zake zimekuwa za kusukuma, mikono imemwelemea, na anaegemea mwili wa Ali badala ya kuupiga. Ali yuko kwenye kamba, kama alivyokuwa karibu usiku mzima. Sekunde za mwisho anachomoka, makonde yanafuatana, kushoto kunauinua uso wa Foreman na kulia kunaukuta palepale ulipoinuliwa. Foreman anaanza kuzunguka akielekea chini, na Ali anazunguka naye akiwa ameukunja mkono wa kulia tayari kupiga tena, kisha hapigi. Mtu anayeamini kwamba Ali alishinda kwa maneno mengi na miguu myepesi aoneshwe hapo.

Mtetezi mzuri wa Ali huyataja madhaifu yake mwenyewe kabla hajatajiwa. Norton alimvunja taya na kumshinda Machi 1973. Ushindi wa Ali dhidi ya Norton wa Septemba 1976, na ule wa Aprili mwaka huohuo dhidi ya Jimmy Young, wengi waliotazama wanaamini ulitolewa na majaji kwa jina lake. Ukikubali hayo mapema, mpinzani wako hubaki bila silaha aliyokuwa ameificha.

Louis anahitaji mtetezi makini zaidi, kwa sababu hakuna anayemkumbuka tena kijiweni. Alishika ubingwa tangu 1937 hadi 1949 na kuutetea mara 25, rekodi ambayo katika uzito wa juu haijavunjwa hadi leo. Atakayempinga atasema wapinzani wengi wa mwaka 1940 na 1941 walikuwa wepesi, na ni kweli. Atasema pia kwamba Billy Conn, mtu wa uzito wa chini, alikuwa anaongoza hadi raundi ya 13 Juni 1941, na hilo nalo ni kweli. Jibu lako liwe Max Schmeling. Schmeling alimpiga Louis kwa KO mwaka 1936, Louis akachukua ubingwa mwaka uliofuata, na Juni 1938 walipokutana tena mbele ya umati wa Yankee Stadium, Louis alimmaliza ndani ya raundi ya kwanza. Hapo swali la bondia kufanya nini baada ya kupigwa limepata jibu kamili.

Larry Holmes ndiye anayedhulumiwa kuliko wote. Alikuwa bingwa kutoka 1978 hadi 1985, akafikisha ushindi 48 bila kupoteza, kisha akapoteza kwa Michael Spinks pambano moja tu kabla ya kumfikia Marciano. Kosa lake kubwa, nadhani, lilikuwa kuja baada ya Ali, na tena kumpiga Ali mwenyewe Oktoba 1980, alipokuwa mgonjwa wa miaka 38 ambaye kila mtu alimwonea huruma. Watu hawakumsamehe. Katika mji ambao kwa miaka 20 ulikuwa na mahakama ya kimataifa iliyokuwa ikiandika hukumu za mamia ya kurasa, ni aibu kumhukumu Holmes kwa sentensi moja.

Habari ya Tyson

Nimempa Tyson sehemu yake kwa sababu bila yeye vijiwe vya Arusha visingekuwa na ubishi. Vijana wengi wamemjua kupitia video fupi za simu, ambazo humwonesha akiangusha watu kumi kwa dakika moja, muziki ukipigwa juu yake, na wanaamini kwa dhati kwamba hakuna binadamu angesimama mbele yake. Usimbeze Tyson ili kumjibu kijana, maana utakuwa unasema uongo. Novemba 1986, akiwa na miaka 20, alimmaliza Trevor Berbick katika raundi ya pili na kuwa bingwa mdogo kuliko wote katika uzito wa juu. Mwaka uliofuata alikusanya mikanda yote mitatu mikubwa ya wakati ule. Juni 1988 alimmaliza Michael Spinks, aliyekuwa hajawahi kupoteza, kwa sekunde 91. Ni yeye peke yake aliyewahi kummaliza Holmes kabla ya kengele ya mwisho katika mapambano yote 75 ya maisha ya Holmes. Ila hapo ongeza mara moja kwamba Holmes alikuwa na miaka 38 na alikuwa amekaa nje ya ulingo kwa karibu miaka miwili.

Kisha peleka mjadala Tokyo, Februari 1990. Utaambiwa kwamba Tyson alidhulumiwa na refa, kwamba alimwangusha Buster Douglas katika raundi ya nane na hesabu ya refa hadi kumi ikachelewa. Kumbuka kwamba bondia aliye chini huifuata hesabu ya refa, hana saa ya kutazama. Douglas aliinuka ndani ya hesabu hiyo, akarudi na kumtwanga Tyson katika raundi mbili zilizofuata mpaka akamwangusha raundi ya 10, Tyson akitambaa kuokota kinga ya meno na kuiweka mdomoni upande upande. Hoja ya hesabu ndefu ni ya zamani: mwaka 1927 mashabiki wa Jack Dempsey waliilalamikia vilevile alipopoteza marudiano na Gene Tunney, ingawa Dempsey mwenyewe ndiye aliyechelewa kwenda kwenye kona aliyopaswa kwenda ili hesabu ianze.

Utaambiwa pia kwamba waliompiga baadaye walimkuta ameshazeeka. Hapa ndipo tarehe za kuzaliwa zinapokuwa na faida. Evander Holyfield, aliyempiga Novemba 1996, amemzidi Tyson kwa karibu miaka minne. Lennox Lewis, aliyemmaliza katika raundi ya nane kule Memphis Juni 2002, alizaliwa Septemba 1965, na Tyson alizaliwa Juni 1966. Wote wawili walikuwa wakubwa zake. Hoja yenye nguvu zaidi kwa upande wa Tyson ni kwamba baada ya kuachana na mwalimu wake Kevin Rooney mwishoni mwa 1988, na baada ya kifungo kilichomweka nje hadi 1995, hakuwa tena bondia yuleyule. Mpe mpinzani wako hoja hiyo, maana ni ya kweli, halafu umuulize swali la nne: Tyson alipopigwa na mtu mkubwa, aliwahi kumrudia na kumshinda? Alirudiana na Holyfield mwaka 1997 na pambano likaishia kwenye sikio, Tyson alipomng'ata mwenzake.

Mlinganishe hapo na Lewis. Alipigwa mara mbili katika maisha yake, na Oliver McCall mwaka 1994 na Hasim Rahman Aprili 2001, na wote wawili aliwarudia akawamaliza. Pambano la kwanza na Rahman lilifanyika Brakpan, Afrika Kusini, takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Rahman alitangulia kwenda kuizoea hewa, Lewis akachelewa, na katika raundi ya tano mkono wa kulia ulimlaza. Sisi tunaoishi katika mita 1,400 hivi tumewaona wageni kutoka pwani wakihema kwa kupanda kilima cha kawaida, kwa hiyo tusimshangae, ingawa bondia anayelipwa mamilioni alipaswa kulijua hilo kabla.

Zama zisichanganywe

Kuna mambo machache ya kuyaweka mezani kabla hujalinganisha bondia wa 1910 na wa 2020. Mapambano ya ubingwa yalikuwa ya raundi 15 hadi miaka ya 1980, yalipoanza kupunguzwa hadi 12 baada ya kifo cha bondia wa Korea, Duk Koo Kim, Novemba 1982. Kabla ya hapo yalikuwa marefu zaidi, na Jess Willard alimwangusha Jack Johnson kule Havana mwaka 1915 katika raundi ya 26 ya pambano lililopangwa kwenda 45. Mikanda nayo imeongezeka: siku za Louis bingwa alikuwa mmoja, leo kuna mashirika makubwa manne na mtu anaweza kuitwa bingwa wa dunia bila kukutana na aliye bora. Kwa hiyo usihesabu mikanda, hesabu waliopigwa.

Jambo la rangi lina uzito wake peke yake. Johnson alipompiga Tommy Burns kule Sydney Desemba 1908 alikuwa mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa uzito wa juu, na baada ya Havana ilichukua miaka 22 hadi mweusi mwingine, Louis, apate ubingwa. Katika kipindi hicho Dempsey hakuwahi kupigana na Harry Wills, mpinzani mweusi aliyestahili kuliko wote, hata kama lawama hazikuwa za Dempsey peke yake. Lakini mashabiki wa Johnson nao wakumbushwe kwamba Johnson, akiwa bingwa, hakumpa Sam Langford nafasi ya kuugombea mkanda. Langford hakuwahi kuwa bingwa wa dunia, na orodha yoyote inayotumia mikanda tu humfuta kana kwamba hakuzaliwa.

Unapobishana na mzee, na unapobishana na simu

Katika kijiwe chochote kuna mzee ambaye alisikiliza pambano la Kinshasa kwa redio. Pambano lilianza saa kumi alfajiri kwa saa za kule, ili Wamarekani walitazame kabla hawajalala, na kwetu ilikuwa inaelekea saa kumi na mbili asubuhi, watu wakijiandaa kwenda kazini. Mzee huyo ana kumbukumbu usiyokuwa nayo, na hata akikosea mwaka au raundi, usimsahihishe mbele za watu kama unayesahihisha daftari la mtoto. Salimia kwanza, ngoja amalize, kisha mpe njia ya kujisahihisha mwenyewe. Nimemsikia dereva mmoja wa bodaboda akilifanya hilo vizuri sana karibu na Soko Kuu: "Mzee wangu, hilo la Kinshasa hakuna wa kulipinga. Ila nisaidie, Ali na Norton walikutana mara ngapi? Maana nasikia mara tatu, na ile ya kwanza Norton alishinda." Mzee alinyamaza, akanywa kahawa, akasema, "Alishinda, ndiyo. Taya ilivunjika." Mjadala ukaendelea bila mtu kuaibika.

Anayebisha kwa simu anahitaji njia nyingine. Usipinge video fupi kwa video fupi, kwa sababu mabondia wote huonekana miungu katika sekunde 20 zao bora. Omba mtazame raundi nzima, hasa raundi ambayo bondia wake ana shida: Tyson katika ya tisa ya Tokyo, Foreman katika ya sita ya Kinshasa, Louis dhidi ya Conn katika ya 12. Punguzeni sauti, maana mtangazaji humshangilia anayemjua. Tazama miguu kuliko mikono. Bondia aliyechoka huanza kusimama na visigino vikiwa chini, na mtu akishaona hilo mara moja huanza kuuona mchezo wote kwa macho mengine. Na kama bando limekwisha, usikubali kauli ya "niliona kwenye video" kuwa ushahidi mpaka iletwe kesho.

Kupanga orodha

Ubishi usio na orodha hauwezi kupimwa. Mwambie kila mmoja aandike majina kumi kwa mpangilio, na kwa kila jina aandike ushindi mmoja mkubwa kuliko wote na kipigo kimoja kibaya kuliko vyote. Ni hapo utagundua kwamba wengi wana majina manne tu na mengine sita wanayaokota njiani. Asiyeweza kutaja kipigo cha bondia wake, mbali na mashabiki wa Marciano, bado hajamjua.

Yangu huanza na Ali, kisha Louis, na ninakubali kwamba anayewapindua hao wawili kwa kutazama muda wa ubingwa ana hoja halali. Wa tatu ni Holmes. Wa nne ni Foreman, ambaye Novemba 1994, akiwa na miaka 45, alimmaliza Michael Moorer katika raundi ya 10 na kuupata tena ubingwa alioupoteza Kinshasa miaka 20 nyuma. Lewis ni wa tano, Johnson wa sita, Frazier wa saba kwa kuwa katika maisha yake alipoteza kwa Ali na Foreman tu. Kwa Holyfield na Marciano huwa nabadilisha, lakini wote wamo.

Usyk unampanga kwa penseli. Alikusanya mikanda yote ya uzito wa chini yake mwaka 2018, akapanda, akampiga Anthony Joshua mara mbili na Fury mara mbili, wote wakubwa kwake kwa mwili, na hadi alipommaliza Daniel Dubois katika marudiano yao ya Julai 2025 hakuwa amepoteza pambano la kulipwa hata moja. Pingamizi pekee lenye maana ni uchache wa mapambano yake katika uzito wa juu. Mimi nimemweka juu ya Marciano na ninatarajia kuulizwa.

Kumi wametimia, ila huwa naweka na nafasi ya 11, ya akiba, na hapo ndipo Tyson, Dempsey, Liston na Wladimir Klitschko wanagombania kiti kimoja. Tyson namwacha nje kwa sababu nilizozieleza, na hukumu hiyo huniletea maneno kila wiki. Nafasi hiyo nimempa Liston, kwa sababu kabla ya kuupata ubingwa mwaka 1962 aliwapitia Cleveland Williams, Zora Folley na Eddie Machen, watu ambao kambi ya Patterson haikutaka kuwasogelea. Jirani yangu wa kijiweni anampa Wladimir, aliyeutetea ubingwa mara 18 mfululizo kati ya 2006 na 2015, na hoja yake ya muda ni ngumu kuivunja. Kila akiitoa ninamtajia Corrie Sanders, aliyemmaliza Wladimir Machi 2003 katika raundi ya pili. Naye hunijibu kwa kuniuliza ni kwa nini Liston alibaki ameketi kwenye kiti chake kengele ya raundi ya saba ilipogongwa kule Miami, alipopigwa na Ali.